Sindano haiachwi siku ya ngoma

"Leo ana mazoezi ya ngoma, kwa hiyo asubuhi hatukumchoma insulini." Msimu wa mahafali na kipaimara ukifika, maneno haya yanasikika kliniki za watoto wenye kisukari Moshi na Arusha, tena yanasemwa kwa kujiamini, kama vile mzazi ameona mbali. Hesabu yake inavutia: kucheza kunashusha sukari, insulini inashusha sukari, basi ukiondoa moja mtoto amesalimika. Kwa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, hesabu hiyo ni ya uongo, na ni ya hatari.

Misuli inayocheza inadai chakula. Insulini ikiwepo, sukari ya kwenye damu inaingia ndani ya misuli na kutumika. Isipokuwepo kabisa, sukari inabaki nje mlangoni, ini nalo linaendelea kumwaga nyingine, na mwili unageukia mafuta. Hapo ndipo ketoni, yaani tindikali zitokanazo na mafuta hayo, zinapozalishwa. Mtoto aliyeanza kucheza na 14 (namba zote za sukari ya damu hapa ni mmol/L) anaweza kumaliza na 20 na zaidi. Kiu haimwishi, anakojoa kila mara, tumbo linauma, anatapika, anahema kwa kina na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva mno. Nyumbani watasema ni malaria, au jua la uwanjani. Ni upungufu wa insulini, na mahali pake ni hospitali, usiku huohuo.

Hofu ya sukari kushuka ni ya haki. Dawa yake ni kupima, kula na kurekebisha dozi. Wengi wa watoto wetu wanatumia insulini mchanganyiko ya 30/70 (asilimia 30 ya muda mfupi, asilimia 70 ya muda wa kati), asubuhi na jioni. Ile asilimia 70 ya muda wa kati, iliyochomwa saa moja asubuhi, inapamba moto kuanzia kama saa tano mchana na inaweza kuendelea hadi jioni. Mazoezi ya ngoma shuleni ni saa tisa au saa kumi. Ndiyo maana mtoto anadondoka mazoezini hata kama "alikula vizuri asubuhi": alikula saa moja, insulini inafanya kazi sasa.

Kwa hiyo apime nusu saa kabla. Anawe mikono kwanza kwa maji na sabuni, maana kidole chenye maji ya embe kitakuonyesha 18 ya uongo. Akiwa chini ya 5, ale gramu 10 hadi 20 za wanga na asubiri sukari ipande. Akiwa kati ya 5 na 14, acheze. Akizidi 14, pima ketoni. Kama zipo za kiasi cha wastani au nyingi, hakuna kucheza siku hiyo, hata kama yeye ndiye anayeongoza mstari. Kama dozi haikupunguzwa, kila saa ya kucheza inahitaji nusu gramu hadi gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 30 ni gramu 15 hadi 30: kipande kimoja cha mkate ni kama 15, ndizi mbivu ya wastani ni kama 25. Kwa anayetumia insulini ya muda mfupi kabla ya chakula, daktari anaweza kukubali ile ya mlo wa kabla ya mazoezi ipunguzwe robo hadi nusu. Kupunguza ni kitu kimoja, kufuta ni kingine kabisa. Na siku hiyo achomwe tumboni, asichomwe pajani: paja linaloruka linanyonya insulini haraka mno.

Siku ya onyesho lenyewe mambo hugeuka. Wasiwasi wa jukwaani unaweza kupandisha sukari hata kwa aliyechomwa vizuri. Msikimbilie kumwongezea dozi nzima. Wasiwasi ukishapoa sukari itashuka yenyewe, mara nyingi mkiwa mmelala. Aliyemaliza kucheza saa kumi na mbili jioni yuko kwenye hatari kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri. Apimwe kabla ya kulala. Akiwa chini ya 7, apate kikombe cha maziwa na kipande cha mkate. Weka alamu ya saa nane usiku umpime tena. Ndiyo, inachosha.

Yapo maneno mengine ya kusahihisha. "Sukari ikishuka, mpe chokoleti." Mafuta yanachelewesha sukari kufika kwenye damu. Chapati na maziwa ni vivyo hivyo. Chini ya 4, mtoto wa kilo 30 anahitaji vijiko viwili vya chai vya sukari kwenye maji, wa kilo 50 vitatu, au nusu ya soda ya kawaida ya mililita 300. Si ile isiyo na sukari, jamani. Subiri dakika 15, pima tena. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni: mlaze ubavu, kimbieni hospitali.

"Machalari hayana sukari, si matamu." Ndizi za kupika ni wanga. Zihesabiwe.

"Bila friji insulini imekufa." Chupa iliyofunguliwa inakaa wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 30. Moshi ya Februari inazidi, hivyo iweke ndani ya chungu cha udongo kinacholoweshwa maji kwa nje, kivulini. Mkoba ulioachwa ndani ya gari juani unaiua kabisa, na friza vilevile.

"Mwarobaini utamtoa kwenye sindano." Hapana.

"Ni mvivu tu, ajikaze." Hili ni la walimu wa ngoma na wa kwaya. Mtoto anayekosea hatua alizozijua jana, anayetoka jasho la baridi, anayetetemeka au kununa ghafla, atoke mstarini apime. Mashine haipo? Apewe sukari kwanza, maelezo baadaye, na asirudi mstarini mpaka akili yake imetulia.