Mshororo wa mizani 16 kwenye kioo cha inchi 6

Mwezi wa tano, masika bado yanamwagika, alikuja ofisini kwetu hapa Kaloleni mzee mmoja malenga. Diwani yake, yaani kitabu cha mashairi yake, nilikuwa nimeipanga kwa njia mbili: ya kuchapwa, na ya kusomwa kwenye Kindle na vifaa vya aina hiyo. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Nikampa kwanza prufu ya karatasi, nakala ya kukagua kabla ya kuchapa. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha nikampa kifaa. Akasoma ubeti mmoja, akanirudishia.

"Mwanangu, hili shairi nani kalivunja?"

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Mtu akishajua hivyo, swali lake la kwanza huwa hilohilo: kitabu cha karatasi au cha kwenye kifaa, kipi bora? Nimeona nijibu kwa kuanzia na swali la mzee, kwa sababu tangu siku ile sijibu tena kama nilivyokuwa nikijibu.

Diwani haijatoka, kwa hiyo sitanukuu ubeti wake. Nimetunga huu wa mfano:

Kitabu nimekishika, jioni hapa jikoni,
Umeme umekatika, mshumaa u mezani,
Na mvua bado yashuka, yapigapiga batini,
Kila neno lanifika, likatulia moyoni.

Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16: nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Vina vya kati ni *ka*, vya mwisho ni *ni*. Kwenye karatasi ya A5, yenye upana wa milimita 148, kwa herufi za pointi 11, mshororo unakaa kwa raha na nafasi inabaki. Jicho linateremka kwenye *ka, ka, ka, ka*, kisha kwenye *ni, ni, ni, ni*, hata kabla mdomo haujafunguka.

Kioo cha inchi 6 kinapimwa kwa mshazari. Upana wake ni kama sentimita 9 tu, na hapo bado hujatoa pambizo. Kwa herufi ndogo mshororo unaingia kwa kubanwa. Ukikuza herufi hadi saizi ambayo mtu wa miaka 70 anaisoma bila kukunja uso, unapata hivi:

Kitabu nimekishika, jioni hapa
jikoni,
Umeme umekatika, mshumaa u
mezani,
Na mvua bado yashuka, yapigapiga
batini,
Kila neno lanifika, likatulia
moyoni.

Maneno yote yapo, wala hakuna herufi iliyopotea. Lakini utao umekatwa shingo. Msomaji anapumzika baada ya *hapa*, mahali ambapo mtunzi hakumpa ruhusa ya kupumzika, na kina cha mwisho kimebaki peke yake pembeni kama mtoto aliyeachwa stendi. Mzee alikuwa sahihi. Shairi lilikuwa limevunjika, na aliyelivunja ni mimi, kwa kuliacha faili liamue.

Nieleze linavyoamua. Kitabu pepe cha muundo wa EPUB, kwa ndani, ni kurasa za tovuti zilizofungwa pamoja katika faili moja. Hakina kurasa kwa maana ya karatasi. Kina mkondo wa maneno, na kifaa ndicho kinachoyamimina kwenye kioo kufuatana na saizi ya herufi uliyochagua. Ukibadilisha saizi, kitabu kizima kinapangwa upya papo hapo. Kwa riwaya hiyo ni neema tupu. Aya ya riwaya ikikatikia hapa au pale, hadithi haiumii. Shairi la aina ile linaumia, kwa sababu mwisho wa mshororo ni sehemu ya utungo wenyewe.

Macho hayakuwa tatizo, na hili nalisema kwa sababu wengi wanavichanganya vifaa hivi na simu. Kioo cha wino wa kielektroniki, ndicho cha vifaa hivi, kina vidonge vidogo sana, unene wake kama wa unywele, na ndani ya kila kidonge kuna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, zile nyeusi zinapanda juu au zinazama, na zikishafika zinatulia hapo bila kuhitaji umeme zaidi. Ndiyo maana betri inadumu wiki kadhaa. Unachokiona ni mwanga wa nje unaorudi kutoka kwenye chembe, sawa na karatasi. Mzee alitoka nacho barazani mvua ilipopumua na jua likachomoza, akakisoma bila shida, mahali ambapo simu yake yeye mwenyewe ilikuwa inaonyesha sura yake tu.

Sasa, katika diwani hiyohiyo kulikuwa na utenzi mmoja mrefu, na huo haukuguswa hata kidogo. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, kila kipande kwenye mstari wake. Mizani nane zinaingia kwenye sentimita 9 hata ukikuza herufi mara mbili. Nilifurahi kupita kiasi nilipoliona hilo. Na nikakumbuka kwamba waandishi wa zamani wa pwani, waliotumia herufi za Kiarabu, waliandika ubeti mzima wa utenzi kwenye mstari mmoja, vipande vinne vikitenganishwa kwa alama. Ni katika uchapaji wa herufi za Kirumi ndipo ubeti uliposimamishwa wima kuwa mistari minne tunayoijua leo. Kwa hiyo umbo la utungo limewahi kuhama, na utenzi haukufa. Kilichookoa ni kwamba aliyeupanga alijua kipande kinaishia wapi.

Hapo ndipo niliporudi kwenye faili. Nilichofanya ni kukitenga kila kipande kiwe mstari usiokatika, ukwapi juu, utao chini yake ukiwa umesogezwa ndani kidogo:

Kitabu nimekishika,
  jioni hapa jikoni,
Umeme umekatika,
  mshumaa u mezani,

Vina vya kati vinapangana upande mmoja, vya mwisho upande mwingine. Hasara yake ni kwamba ubeti wa mistari minne unakuwa wa mistari minane, na kwa herufi kubwa kioo kinabeba ubeti mmoja tu. Huwezi kuona ubeti wa tatu ukijibizana na wa nne, labda ubonyeze kwenda na kurudi.

Kurudi ndiko hasa ambako karatasi inanivuta. Mtafiti wa Norway, Anne Mangen, na wenzake walichapisha mwaka 2019 jaribio la watu 50 waliosoma hadithi moja ya kurasa 28, nusu yao kwenye kitabu, nusu kwenye Kindle. Katika vipimo vingi walilingana. Waliosoma karatasi walishinda kwenye kukumbuka mtiririko wa matukio, nini kilitangulia na nini kilifuata. Mimi silioni ajabu. Ukishika kitabu, mkono wa kushoto unanenepa na wa kulia unakonda, na mwili unajua uko wapi. Kifaa kina uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Pia ukurasa wa 40 wa kwako si lazima uwe wa 40 wa kwangu. Tunaweza kupachika ndani yake namba za kitabu cha karatasi, lakini wateja wangu wengi hawailipii kazi hiyo, na mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 40" darasa linatawanyika.

Kuna la lugha pia. Kifaa changu kinakata maneno kwa kanuni za lugha iliyotajwa kwenye faili. Niliwahi kupokea kitabu cha Kiswahili kilichotambulishwa kama Kiingereza, nikakuta *wanyama* imekatwa *wan-yama*, wakati *ny* ni sauti moja isiyogawanyika. Gusa neno *hatukumsikiliza* kutafuta maana, kamusi inasema halipo, kwa kuwa haijui kuvua viambishi hadi ifike kwenye *sikiliza*. Wanaotengeneza vitabu pepe vya Kiswahili wabadilishe angalau lugha ya faili. Ni kazi ya dakika moja.

Na bado siwezi kumwambia mama yangu kule Marangu aachane na kifaa chake. Macho yake yalikuwa yamemfanya aache riwaya kabisa. Siku nilipomwekea herufi kubwa, za maneno kama 20 tu kwenye kioo, alisoma hadi taa za majirani zikazimwa. Jumapili, kitabu anachobeba kwenda kanisani ni kile cha nyimbo cha karatasi, jalada limeshikwa kwa gundi ya plasta, kwa sababu wimbo ukitajwa namba yeye kidole chake kinafika kabla ya kinanda kuanza.

Mzee alirudi wiki mbili baadaye. Nikamwonyesha mpangilio mpya kwenye kifaa. Alisoma kwa sauti, taratibu, akisimama mwisho wa kila kipande.

"Hapa napumua pangu," alisema. "Kiende kwa wajukuu walioko mbali." Kisha akaishika prufu ya karatasi, akaipanua mpaka mgongo ukalia. "Lakini hiki ukishone. Usikibandike gundi. Diwani hufunguliwa ikalala chali, watu wakaizunguka."

Ina kurasa 96, mafungu sita ya kurasa 16. Uzi tumeshanunua.