"Kuku si nyama, katekista": dhana potofu za Kwaresima

Majivu yakishapakwa tu, naanza kusikia yale yale. Jumuiyani, nje ya kanisa baada ya Njia ya Msalaba, hata kwenye simu usiku: "Katekista, leo nimefunga. Sijala nyama, nimekula samaki." Nimelijibu hilo kwa mdomo miaka mingi. Safari hii naliandika, kwa sababu linawapotezea watu Kwaresima nzima huku wakiamini wanaishika.

Dhana: Nisipokula nyama Ijumaa, nimefunga

Hujafunga. Umejinyima nyama, na hayo ni mambo mawili. Kufunga ni kula mlo mmoja kamili kwa siku. Asubuhi na jioni unaruhusiwa kitu kidogo tu. Ndivyo Papa Paulo VI alivyolieleza mwaka 1966. Sheria ya Kanisa Katoliki inatudai mfungo huo siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na unamhusu aliyetimiza miaka 18 hadi anapotimiza 59. Kujinyima nyama kunaanza mapema zaidi, ukitimiza miaka 14, na hakuna umri wa kustaafu.

Halafu kuna kuku. Kwa mama ntilie "wali nyama" una bei yake na "wali kuku" una bei yake, basi mtu anatoka pale ameshika kwamba nyama ni ng'ombe na mbuzi. Jamani, kuku ni nyama. Bata ni nyama. Samaki, mayai na maziwa ndivyo visivyokatazwa.

Lakini kinachoniuma hasa si kuku. Ijumaa moja jioni nilipita nyumbani kwa muumini wangu, nikakaribishwa mezani. Palikuwa na sato wawili wakubwa wa kukaanga, vichwa vimening'inia nje ya sinia, ugali wa moto, kachumbari na soda za kila mtu. Baba mwenye nyumba akaniambia kwa moyo mweupe kabisa, "Karibu katekista, leo tumefunga." Nikamuuliza, sato hawa na nusu kilo ya ng'ombe, kipi ghali? Akafikiri kidogo. "Sato," akasema. Sheria ya kujinyima nyama hakuivunja hata nukta. Ila tulikuwa watu sita pale, wote tukashiba kuliko siku za kawaida, na mjane wa nyumba ya tatu hakupata hata mkia.

Hapo ndipo penyewe. Kufunga, kusali na kutoa sadaka Bwana aliviweka pamoja katika Mathayo sura ya 6, na sisi tunachukua kimoja, tena nusu yake. Isaya sura ya 58 inasema wazi saumu anayoitaka Mungu: kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumwingiza nyumbani maskini asiye na pa kukaa, kumvika aliye uchi. Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, aliwahubiria Waroma kwamba anachojinyima mwenye kufunga kiwe chakula cha maskini. Kwa hiyo nyama uliyoacha kuinunua ina mwenyewe. Pesa yake ikibaki mfukoni mwako, umebana matumizi tu.

Ushauri wangu ni ule ule ninaowapa wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, kila mwaka, na sitauacha. Tafuta kopo tupu la maziwa, toboa mfuniko, liweke kwenye meza ya chakula. Ijumaa mkila maharage badala ya nyama, tofauti ya bei iingie koponi jioni hiyo hiyo, kabla haijapata kazi nyingine. Tuseme nyama ingekula shilingi 6,000 na maharage yamekula 2,000. Hapo mna 4,000. Ijumaa za Kwaresima ukihesabu na Ijumaa Kuu ni saba, yaani shilingi 28,000. Mtoto mdogo ndiye aziweke koponi. Nimeona watoto wanavyolitikisa kopo kusikia limefika wapi, na wanavyouliza, "Tutampa nani?" Swali hilo likiulizwa mezani, Kwaresima imeingia nyumbani.

Dhana: Ukinywa maji, mfungo umevunjika

Hili tumelichukua kwa majirani zetu Waislamu, hasa mwaka 2025 na 2026 Kwaresima na Ramadhani zilipokutana. Saumu yao haina maji mchana, na naiheshimu. Yetu ina utaratibu wake, maji kunywa. Na dawa meza! Mama mmoja mwenye sukari alianguka kanisani Ijumaa tukiwa kituo cha tisa cha Njia ya Msalaba. Alikuwa amechoma sindano asubuhi, kisha hakula kitu, akiogopa dhambi. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawabanwi na sheria ya mfungo. Atafute toba nyingine, zipo nyingi.

Dhana: Kwaresima ina siku 40, kwa hiyo na Dominika (Jumapili) tunafunga

Hesabu mwenyewe: toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Dominika sita, zinabaki 40. Dominika ni siku ya Ufufuko, hata ndani ya Kwaresima.

Dhana: Asiyepakwa majivu amekosa Kwaresima

Majivu ni kisakramenti, yaani ishara takatifu ya Kanisa, si sakramenti, na Jumatano ile si sikukuu ya amri, siku ya kulazimika kwenda Misa. Uliyekuwa zamu kazini hujakosa kitu usichoweza kuanza leo. Acheni kumsumbua padre Alhamisi mkiomba mpakwe "hata kidogo tu".

Dhana: Kitubio ni cha Juma Kuu

Ndiyo maana Juma Kuu, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, foleni ya kuungama inazunguka kanisa, padre amechoka, nawe unaungama miezi kumi na moja kwa dakika mbili ukisukumwa na wa nyuma. Ungama mapema, ili wiki zinazobaki uzitumie kurekebisha ulichokiri: kurudisha cha mtu, kumpigia simu ndugu mliyenuniana. Kwetu padre anakaa kitubioni kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Jumamosi ya pili ya Kwaresima iliyopita nilipita pale saa kumi na moja. Mlango ulikuwa wazi, taa inawaka, na benchi la kusubiria lilikuwa tupu.