Musawo, Tumeacha Kiganda Nyumbani

Juma hili wazazi watatu wameketi chumbani mwangu hapa Kampala wakaniita musawo, yaani daktari kwa Kiganda, na kuniambia neno lile lile: "Musawo, mtoto amechelewa kusema, kwa hiyo tumeacha Kiganda. Sasa ni Kiingereza tu, asije akachanganyikiwa." Linaniuma kila ninapolisikia, maana anayelisema ameshampunguzia mtoto mazungumzo kabla hajafika kwangu.

Lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto kusema. Hupita hatua zile zile, kwa umri ule ule, na mwenzake wa lugha moja. Wazazi hukosea hesabu. Mama mmoja alinieleza kwamba binti yake wa miaka miwili ana maneno manane. Kumbe alihesabu ya Kiingereza peke yake! Nikampa mtoto kikombe kitupu. Akakiangalia ndani, akamgeukia bibi yake: "Jjajja, leeta amazzi", yaani "Bibi, lete maji." Maneno matatu, kila moja mahali pake: anayeombwa, anachotakiwa kufanya, kitu chenyewe. Tulipojumlisha Kiganda cha bibi na Kiswahili cha baba, tukavuka hamsini. Na hicho ndicho tunachotazamia kwa umri huo: walau maneno hamsini kwa lugha zote kwa pamoja, na awe ameanza kuyaunganisha mawili mawili.

Mzazi anayejilazimisha Kiingereza asichokimudu hubakiwa na amri: njoo, kaa, acha. Mzazi huyo huyo, kwa lugha yake, angemweleza mwanawe kwa nini wingu limekuwa jeusi, na ingekuwaje kama nguo zingeachwa nje. "Kwa nini", "kama", "labda": hapo ndipo mtoto anapojifunza kuwaza jambo lisilo mbele ya macho yake. Hata mtaala wa shule za msingi ulioanza mwaka 2007 unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, Kiingereza kikiwa somo.

Wengine husema lugha zetu hazina maneno ya fikra nzito. Kukosa neno si kukosa wazo. Kiswahili kina "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, Kiganda vile vile, na sijamwona anayeshindwa kumtofautisha shangazi na mjomba. Neno likihitajika, lugha hulitengeneza: Kiswahili kilipata kijani kutoka kwenye jani.

Kuchanganya lugha katika sentensi moja? Si ugonjwa. Watu wazima tunafanya hivyo kutwa nzima.

Kumkata utando wa chini ya ulimi ili aseme? Ulimi uliofungwa chini unaweza kusumbua kunyonya au sauti chache, lakini haumzuii mtoto kujua maneno. Tafadhali msimpeleke kwa mtu mwenye wembe.

"Ni mvulana, atasema tu." Wavulana huchelewa kidogo, kwa mwezi mmoja au miwili hivi. Si mwaka.

Na ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni masikio. Mtoto aliyetokwa na usaha mara kwa mara huenda anasikia nusu ya mnayosema, kwa lugha yoyote mtakayochagua. Apimwe kwanza. Wakati mnasubiri majibu, mwacheni bibi aendelee na hadithi zake za jioni, kwa Kiganda.