Wacherokee hawakuuza nchi yao

Blythe Ferry, jimboni Tennessee, Marekani, pale mto Hiwassee unapoingia mto Tennessee, kuna bustani ya kumbukumbu yenye ukuta wa majina. Ni ya wakuu wa kaya za Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika, walioandikwa katika sensa ya 1835. Mwaka 1838 maelfu ya Wacherokee walivushwa hapo kwa kivuko, wakihamishwa kwa nguvu kwenda magharibi.

Bado wapo wanaodai kwamba Wacherokee waliridhia kuhama, maana mkataba wa kuiachia Marekani nchi yao upo. Kweli upo, ulitiwa saini New Echota, mji mkuu wao, Desemba 1835. Lakini waliosaini ni akina nani? Kikundi kidogo kilichoongozwa na Major Ridge, bila idhini ya serikali ya taifa lao. Chifu mkuu, John Ross, aliupinga, na waraka wa pingamizi wenye majina zaidi ya 15,000 ukapelekwa Washington. Waliohamishwa walikuwa kama 16,000, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Hata hivyo Seneti ya Marekani iliupitisha mkataba huo, tena kwa kura moja tu juu ya kiwango kilichotakiwa.

Wala hawakuwa watu wa kuhamahama. Walikuwa na mashamba, katiba ya mwaka 1827, na gazeti lililotumia herufi alizobuni Mcherokee mwenzao, Sequoyah. Askari waliwatoa majumbani mwao wakawafungia kambini, na ukame wa mwaka 1838 ukachelewesha safari hadi wengi wakakutwa njiani na baridi kali. Inakadiriwa watu 4,000 walikufa.