Taa ya kulia ikizima, lori huonekana bodaboda

Nchini kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo taa ya mbele ya kulia ndiyo inayomwonyesha dereva anayekuja gari lako linaishia wapi. Ikizima, anayetoka Mnazi Mmoja ya Lindi kuelekea Mtwara usiku anaona mwanga mmoja, tena pembeni kabisa. Anahesabu ni bodaboda. Anasogea katikati kumkwepa mwenye baiskeli aliye upande wake, kumbe kati ya ule mwanga na katikati ya barabara kuna karibu mita mbili za bodi ya lori. Magari mawili yakija kwa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde yanakaribiana kwa mita 44 hivi. Hapo hata breki nzima haisaidii kitu.

Mwenye lori mara nyingi hana habari, maana taa iliyobaki bado inamwonyesha njia.

Ukanda wetu wa pwani una adui wake: hewa ya chumvi. Inakula waya wa ethi, ule unaorudisha umeme wa taa kwenye bodi, pale unapofungwa. Dalili yake ni hii: ukikanyaga breki, taa nyingine za nyuma zinafifia au indiketa inawaka pasipo kuwashwa. Fundi asikimbilie kubadili balbu; afungue ile bolti, asugue kutu, afunge upya. Indiketa ikipiga haraka haraka upande mmoja, hapo ndipo utafute balbu iliyoungua. Na balbu ya halojeni isishikwe kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi huifupishia maisha. Wanaofunga balbu ya wati 100 kwenye soketi ya wati 60 wanajitafutia moto.

Msimu wa korosho una jambo lake. Magunia yakielemea nyuma, pua ya gari inainuka na taa nzima kabisa zinawapiga wenzako machoni hata ukiwa umeshusha fulu. Gari nyingi zina kitufe cha kuinamisha taa. Wachache mno wanakigusa.

Taa za breki zikague kabla ya safari: konda asimame nyuma, au ukiwa peke yako rudi karibu na ukuta jioni, ukanyage, utazame kwenye vioo.

Ukiharibikiwa njiani, weka pembetatu ya kuakisi mbali nyuma ya gari. Matawi ya mikorosho ambayo wengi huyaweka badala yake hayarudishi mwanga. Usiku mtu huyaona yakiwa tayari mbele ya bampa, na wengi wakishatengeneza gari huondoka wakayaacha palepale.