Kanuni za katuni hazikutaja mapenzi ya rangi mbili
Wapenzi wa vitabu vya katuni vya Marekani husema kanuni za 1954, ambazo wakaguzi wa wachapishaji walizitumia kuidhinisha katuni, zilipiga marufuku mapenzi kati ya Mweusi na Mzungu. Zisome: kifungu hicho hakimo. Kilikuwa kwenye kanuni za filamu za Hollywood za 1930, watu wakachanganya. Kwenye katuni kilichotawala ni woga, na haukuwa mdogo. Katika hadithi ya kampuni ya katuni ya EC iliyochapishwa tena 1956, mkaguzi hakutaka hata mwanaanga Mweusi aonekane, jasho likimetameta usoni. EC ikagoma, ikachapisha. Busu je? Lilikuja 1975, katika kitabu cha katuni Amazing Adventures, toleo la 31: M'Shulla, Mweusi, na Carmilla Frost, Mzungu. Jalada lina muhuri wa wakaguzi walewale.