Kaveera Chini ya Meza

Jioni ya tarehe 23 Oktoba 2021, watu waliojifanya wateja waliingia kwenye baa moja ya nyama ya nguruwe huko Komamboga, Kampala. Waliweka kaveera, yaani mfuko wa plastiki, chini ya meza, wakaondoka. Punde si punde likalipuka, na binti wa miaka 20 aliyekuwa akihudumia wateja pale akapoteza maisha.

Kila ninapokutana na wenye baa, wenyeviti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) na vijana wa bodaboda, naanza na kaveera hilo, maana hakuna asiyelijua. Ndilo linalobeba nyanya, mkaa, viatu vya shule. Kaveera lenyewe si tatizo. Tatizo ni mwenyewe kuliacha na kutokomea. Ukikuta hivyo usiliguse wala usilisogeze, hata kama unataka kuokoa wenzako. Ondoa watu, nenda mbali, ndipo upige 999 au 112. Kulifungua ni kazi ya wataalamu wa mabomu wa polisi.

Watu huniuliza: polisi wanajuaje kuna bomu kabla halijalipuka? Mara nyingi wameambiwa. Tarehe 3 Septemba 2023 kijana mmoja alikamatwa akitaka kuingia na bomu katika kanisa la Rubaga Miracle Centre. Vyombo vya usalama vilikuwa vimeshapata fununu zake. Bomu lile lilikuwa na misumari. Wataalamu wakalilipua wenyewe, waumini wakarudi nyumbani salama.

Kasese, magharibi mwa Uganda, hatukupata bahati hiyo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF, wenye kambi zao Kongo, walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu 42, wakiwemo wanafunzi 37. Jeshi letu lilikuwa tayari ndani ya Kongo likiwasaka, tangu Novemba 2021, katika Operesheni Shujaa. Lakini askari aliye msituni hawezi kumwona kijana anayevutwa na waasi hao, anayeaga kwao akisema amepata kazi au masomo ya bure ng'ambo, kisha simu yake isipatikane tena. Huyo anaonwa na mama yake. Mama, usinyamaze kwa kuogopa aibu: mtoto aliyedanganywa bado anaweza kurudishwa kabla hajavuka mpaka.

Na tuseme ukweli: baada ya mabomu ya 2021 Waislamu wengi walitazamwa kwa jicho baya. Kanzu si ushahidi. Anayeripoti jirani kwa sababu ya dini au kabila lake anampotosha mpelelezi, na yule jirani hatasema tena lolote atakaloliona. Vivyo hivyo kwa polisi. Katiba inataka mshukiwa aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na sheria ya mwaka 2012 inakataza mateso. Mtu akipigwa kizuizini, mtaa mzima unafunga mdomo.

Kwa hiyo unapopiga simu, taja ulichokiona kwa macho: saa ngapi, walikuwa wangapi, walivaa nini, walielekea wapi, na namba ya bodaboda iliyowabeba.